Baiskeli ya Magurudumu Matatu kama Zana ya Kufundishia

Utangulizi

Mwalimu anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Mbagala na Yombo kwa upande wa Temeke, au Tandale na Bunju kwa upande wa Kinondoni, aghalabu hukuta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni uhaba wa zana za kufundishia. La pili ni wingi wa vyuma chakavu. Nyuma ya kila kibanda cha fundi baiskeli zimelundikana fremu zilizopinda, rimu zisizo na spoki, minyororo iliyoota kutu na pedali zilizopoteza gololi. Kuna na jambo la tatu, ambalo si rahisi kuliona kwa sababu lenyewe halifiki shuleni: ni mtoto ambaye jina lake limo katika daftari la mahudhurio lakini hahudhurii, kwa kuwa viungo vyake havimwezeshi kutembea mwendo wa kutoka nyumbani hadi darasani.

Makala hii inaeleza jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kuunganishwa na kuwa kazi moja ya darasa. Kazi yenyewe ni kuunda baiskeli ya kuegemea yenye magurudumu matatu kutokana na vipande vya baiskeli kuukuu. Baiskeli ya kuegemea ni ile ambayo mwendeshaji wake hapandi juu ya kiti chembamba, bali huketi chini, mgongo ukiwa umeegemea na miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Ikiwa na magurudumu matatu husimama yenyewe, wala haimdai mwendeshaji ajue kujizuia asianguke.

Madhumuni ya makala si kumgeuza mwanachuo kuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mafundi wapo, na kazi yao wanaijua. Madhumuni ni kuonyesha kwamba kazi ya namna hii, ikianzia mahali panapofaa, huweza kufundisha hesabu, sayansi, ufundi na utu kwa wakati mmoja. Ikianzia mahali pasipofaa, hufundisha kuunganisha vyuma tu.

Asili ya chombo hiki

Wanafunzi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa baiskeli ya magurudumu matatu ni kitu gani. Wamekwisha kuliona guta likipita mitaani, limesheheni mifuko ya saruji au vyombo vya mtu anayehama. Wamekwisha kuona pia baiskeli za watu wenye ulemavu wa miguu, zinazoendeshwa kwa kuzungusha pedali kwa mikono. Mwalimu aanze na hivyo wanavyovijua, kisha awapeleke mbali kidogo.

Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf karibu na Nürnberg huko Ujerumani, fundi wa saa aitwaye Stephan Farffler alijiundia kiti cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha mikono. Farffler hakuweza kutumia miguu yake. Jambo la kukazia mbele ya wanafunzi ni kwamba chombo hicho kilitangulia baiskeli ya kawaida kwa zaidi ya miaka 150, na kwamba aliyekibuni ndiye aliyekihitaji. Alikifahamu kimo chake mwenyewe, nguvu za mikono yake, na njia aliyotaka kuipita.

Baiskeli ya kuegemea nayo ina historia yake. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure aliendesha baiskeli ya namna hiyo iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 katika saa moja. Kwa mwendo huo aliivunja rekodi ya mwaka 1914 iliyokuwa ikishikiliwa na Oscar Egg wa Uswisi. Faure hakuwa bingwa mkubwa wa siku zake. Siri ilikuwa katika mkao wake, kwani mtu aliyelala nyuma hukinza upepo kwa kiasi kidogo. Mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mashindano ya baiskeli kiliamua kwamba baiskeli ya aina hiyo isihesabiwe katika mashindano yake. Hivyo umbo lililothibitika kuwa bora kwa jambo moja likawekwa kando kwa amri, likabaki mikononi mwa watu wachache waliojitengenezea wenyewe.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi, mbio si hoja. Hoja ni faida nyingine za mkao ule: uzito wa mwili hukaa chini, mgongo hupata mahali pa kuegemea, na aliyechoka anaweza kusimama njiani bila ya kushuka.

Kosa la kuanzia kwenye chuma

Hapana budi nieleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili msomaji asilirudie. Katika shule moja ya Temeke niliyopata kufundisha, alikuwako msichana wa darasa la tano aliyekuwa akiletwa shuleni mgongoni mwa kaka yake. Kaka alipopata kibarua, mahudhurio ya dada yakakatika. Tukakubaliana, walimu wawili na wanafunzi wa darasa lake, kumtengenezea baiskeli ya mikono. Tulikwenda kwa fundi, tukachagua vyuma vilivyokuwa vizuri zaidi, tukaviunganisha jinsi vilivyoelekea kuungana. Wanafunzi walipiga tupa, wakaondoa kutu, wakapaka rangi ya buluu. Kazi ilichukua muda wa muhula mzima, na kila mmoja aliifurahia.

Siku ya kukabidhi, chombo kilikuwa na upana wa sentimita 92 kutoka ncha moja ya ekseli hadi ncha ya pili. Mlango wa darasa ulikuwa na sentimita 84. Yule msichana aliendesha vizuri kutoka barabarani hadi kwenye kizingiti, akasimama. Wenzake wakambeba kumwingiza ndani, kama alivyokuwa akibebwa siku zote. Baada ya kuketi aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu aliyeupima mlango. Hapakuwa na aliyeupima. Wala hapakuwa na aliyemwuliza yeye, ingawa kwa muda wa muhula mzima alikuwa akituona tukifanya kazi uani.

Tulikikata chombo na kukiunda upya. Lakini somo tulilolipata lilikuwa kubwa kuliko lile tulilokusudia kulifundisha. Tulikuwa tumepima vyuma kwa uangalifu mkubwa, ilhali mtu atakayevitumia na njia atakayoipita hatukuvipima. Tangu hapo nimeifuata kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha makala hii: mpime mtu kwanza, kisha njia, na chuma kiwe cha mwisho.

Hatua ya kwanza: Kumpima mtu na njia

Vipindi viwili au vitatu vya mwanzo visiguse chuma hata kidogo. Mwalimu akae na mtoto mwenyewe pamoja na mzazi au mlezi wake, wasemezane kuhusu anachoweza kukifanya na anachokitaka. Mtoto asigeuzwe kuwa kielelezo mbele ya darasa bila ya ridhaa yake. Akiridhia, yeye ndiye awe msimamizi wa kazi, na vipimo vyote visomwe kwake kwanza.

Jambo la kwanza la kujua ni kama miguu yake ina nguvu za kusukuma pedali. Wapo watoto wasioweza kujizuia juu ya magurudumu mawili, lakini wanaweza kupiga pedali wakiwa wameketi na kuegemea. Hao huwafaa chombo cha miguu. Wapo wengine ambao nguvu zao zote zimo mikononi, na hao huhitaji chombo cha mikono. Mtoto ambaye mgongo wake hauwezi kujishikilia, au ambaye ngozi yake haihisi maumivu, asikalishwe kwenye kiti chochote cha kubuniwa shuleni kabla ya kuonwa na wataalamu. Kwa Dar es Salaam wataalamu hao wanapatikana katika hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Tanzania ina pia chuo cha kufundisha wataalamu wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981. Mwalimu anayejua mpaka wa ujuzi wake hamdhuru mtoto.

Vipimo vya mwili vinavyohitajika ni vinne: upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino, na urefu wa mkono ulionyooshwa. Kila kipimo kichukuliwe na wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake, kisha majibu yalinganishwe. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba hayalingani. Hapo ndipo mahali pa kufundisha maana ya makosa ya upimaji na sababu ya kutafuta wastani.

Baada ya mtu, ipimwe njia. Kundi la wanafunzi liifuate njia ya mtoto kutoka mlango wa nyumba yao hadi dawati lake, likiwa na kamba iliyofungwa mafundo kwa kila sentimita 10. Waandike upana wa kila mlango na kila kichochoro, kimo cha kila kizingiti, mahali penye mchanga mwingi, mahali panapotuama maji wakati wa masika, na mahali pa kuvukia barabara. Wasisahau mlango wa choo, kwani mtoto asiyeweza kuingia chooni atalazimika kukaa bila ya kunywa maji kutwa nzima. Kutokana na maandishi hayo wachore ramani. Palipo pembamba kuliko pote ndipo patakapoamua upana wa chombo.

Hatua ya pili: Kukusanya vipande

Chombo cha mikono huhitaji vitu vifuatavyo: gurudumu moja la inchi 20 lenye habu ya nyuma na frihwili yake, magurudumu mawili yanayolingana kwa ajili ya nyuma, foko tatu, sehemu ya mbele ya fremu kuukuu pamoja na lile bomba fupi ambamo shingo ya foko hupita, sehemu ya fremu inayoshika ekseli ya pedali, gurudumu la meno pamoja na mikono yake ya pedali, mnyororo, na breki mbili zilizo kamili. Huongezwa bomba la chuma la kuunganishia mbele na nyuma, ubao wa kiti na godoro jembamba la sponji.

Wanafunzi wafundishwe kukagua kabla ya kununua. Rimu izungushwe ili kuona kama inayumba. Fremu igongwe taratibu na kutazamwa penye viungo, kwa maana ufa huanzia hapo, mara nyingi chini ya rangi iliyovimba. Mnyororo upimwe kwa rula: katika mnyororo mpya wa baiskeli kila kiungo kina milimita 12.7, hivyo viungo 24 vina sentimita 30.5 hivi. Viungo 24 vikizidi kipimo hicho kwa milimita 3, mnyororo umelika na utayaharibu meno. Hili ni somo zuri la kuzidisha desimali, na mwanafunzi huona mara moja faida ya jibu lililo sahihi.

Mwalimu atahadhari na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Yakichomelewa hutoa moshi wenye sumu. Atahadhari vile vile na chuma cha wizi. Biashara ya vyuma chakavu ina watu waaminifu wengi, lakini imo pia mifuniko ya mifereji na vyuma vya alama za barabarani vilivyong'olewa usiku. Kila kipande kinachoingia shuleni kiandikwe katika daftari: kimetoka kwa nani, lini, kwa bei gani. Mtoto hawezi kufundishwa uadilifu kwa chuma kilichoibwa.

Hatua ya tatu: Kuunda

Kabla ya kukata bomba lolote, kila kundi litengeneze mfano mdogo. Watoto wa Dar es Salaam wanajua tangu zamani kuunda magari ya kuchezea kwa waya, makopo, vizibo na kandambili zilizochakaa. Mwalimu autumie ujuzi huo bila ya kuudharau. Kila kundi liunde baiskeli ya waya yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa sentimita 10 za chombo halisi. Juu ya kiti liwekwe donge la udongo wa mfinyanzi badala ya mtu.

Sasa mfano uwekwe juu ya ubao, ubavu ukielekea chini, na ubao uinuliwe taratibu upande mmoja. Kizuizi chembamba kiwekwe mbele ya magurudumu ya upande wa chini ili yasiteleze. Wanafunzi wapime kimo cha ubao pale mfano unapopinduka. Kisha kiti kishushwe na jaribio lirudiwe. Kisha magurudumu ya nyuma yasogezwe karibu zaidi. Kisha donge la udongo lisogezwe mbele, karibu na gurudumu lile moja. Wataona wenyewe mambo matatu: chombo chenye uzito ulio juu hupinduka upesi, chombo chembamba hupinduka upesi, na uzito ukisogea upande wenye gurudumu moja, chombo hupinduka upesi vile vile. Mwalimu asitamke neno "kitovu cha uzito" mpaka wameyaona haya kwa macho yao. Neno likija baada ya kitu, hukaa kichwani.

Hapo ndipo shida ya kweli inapojitokeza. Mlango unataka chombo chembamba. Kona ya barabara inataka chombo kipana. Suluhisho ni lipi? Waachwe walitafute. Darasa langu, baada ya lile kosa la kwanza, liliamua kupunguza upana kutoka sentimita 92 hadi 76, na kukishusha kiti hadi karibu na usawa wa ekseli za nyuma, katikati ya magurudumu, ili kufidia upana uliopotea. Hivyo ndivyo chombo kilivyogeuka kutoka kiti kirefu na kuwa baiskeli ya kuegemea. Hatukuiga umbo hilo kutoka kitabuni. Mlango wenyewe ndio uliotupeleka huko.

Kuunda kwenyewe hufuata utaratibu huu. Kwanza, sehemu ya mbele ya fremu huunganishwa na bomba refu linalokwenda nyuma, ambalo ndilo uti wa mgongo wa chombo. Pili, bomba la kukingama huunganishwa nyuma ya uti huo, kwa pembe mraba. Tatu, foko mbili hulazwa, shingo zao zikaunganishwa na bomba la kukingama, ili kila gurudumu la nyuma lishikwe pande zote mbili za ekseli. Jambo hili ni la lazima. Ekseli ya baiskeli imekusudiwa kushikwa huku na huku. Ikishikwa upande mmoja tu hupinda, kisha hukatika. Nne, gurudumu lenye frihwili huingizwa katika foko ya mbele. Kwa kuwa habu ya nyuma ni pana kuliko ya mbele, foko italazimika kupanuliwa kwa uangalifu. Tano, ekseli ya pedali huwekwa juu ya foko hiyo hiyo, mbele ya kifua cha mwendeshaji, ili foko inapogeuka pedali zigeuke nayo na mnyororo usiruke.

Katika baiskeli ya miguu pedali mbili hukaa kinyume, moja juu na moja chini. Katika baiskeli ya mikono ni afadhali zielekee upande mmoja, ili mikono yote miwili isukume pamoja na kuvuta pamoja. Zikiachwa kinyume, kila mzunguko utauyumbisha usukani, kwa kuwa hapa pedali na usukani ni kitu kimoja.

Kwa chombo cha miguu mabadiliko ni machache. Ekseli ya pedali huwekwa juu ya uti wa mgongo, nyuma ya gurudumu la mbele, mbali kiasi kwamba ncha ya kiatu isiguse tairi wakati wa kukata kona. Mnyororo huenda hadi gurudumu la nyuma la kulia peke yake, na gurudumu hilo hushikwa na sehemu ya nyuma ya fremu kuukuu badala ya foko. Urefu wa mnyororo hukisiwa hivi: umbali kati ya ekseli mbili mara mbili, kisha ongeza nusu ya jumla ya meno yote mara sentimita 1.27. Umbali ukiwa sentimita 110, na meno yakiwa 44 mbele na 20 nyuma, tunapata 220 kuongeza 40.6, yaani sentimita 261 hivi. Gawanya kwa 1.27, utapata viungo 205. Mnyororo mmoja wa baiskeli ya kawaida hautoshi. Itabidi kuunganisha miwili.

Kuchomelea ni kazi ya fundi, si ya wanafunzi. Wanafunzi wakate kwa msumeno wa chuma, wapige tupa, wasugue kutu mpaka chuma king'ae, kwa maana chuma kilichochomelewa juu ya kutu hakishiki. Fundi aambiwe mapema kwamba mabomba ya baiskeli ni membamba na hutoboka kwa moto mwingi. Wakati wa kuchomelea, watoto wakae mbali na wasiutazame mwanga ule kwa macho matupu.

Hatua ya nne: Hesabu ya meno

Somo la uwiano hufundishwa mara nyingi kwa machungwa na kalamu. Lifundishwe safari hii kwa meno na magurudumu. Wanafunzi wahesabu meno ya mbele na ya nyuma, kisha wapige alama ya chaki kwenye tairi na kulisukuma gurudumu mzunguko mmoja ardhini ili kupima umbali.

Tuchukue baiskeli kubwa yenye meno 44 mbele na 22 nyuma. Pedali ikizunguka mara 1, gurudumu huzunguka mara 2. Gurudumu lake lina mzingo wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali huipeleka mita 4.4. Sasa tuchukue chombo chetu chenye meno 28 mbele, kutoka baiskeli ya mtoto, na meno 20 nyuma. Uwiano ni 1.4. Gurudumu la inchi 20 lina mzingo wa mita 1.57 hivi, kwa hiyo kila mzunguko hukipeleka mita 2.2. Mtoto anayekaa kilomita 1 kutoka shuleni atazungusha mara 455 hivi kwa chombo chetu, na mara 227 hivi kwa kile kingine.

Mwanafunzi mwepesi atasema baiskeli kubwa ni bora. Hapo mwalimu awapeleke kwenye mchanga, kila mmoja ajaribu kwa mikono. Ikiwa mikono ya pedali ni ya urefu mmoja, penye umbali nusu pana nguvu nusu. Anayezungusha mara nyingi kwa wepesi hufika. Anayezungusha mara chache kwa uzito hukwama njiani. Jibu la hesabu halikubadilika, lakini neno "bora" limepata maana mpya: bora kwa nani, na katika njia ipi.

Hatua ya tano: Majaribio kabla ya kukabidhi

Chombo kisipandwe na mtoto kabla ya kujaribiwa kwa mzigo. Kiti kiwekewe viroba vya mchanga vyenye uzito mara mbili ya uzito wake, kisha chombo kisukumwe juu ya mawe madogo na vizingiti, mara nyingi. Baada ya hapo kila kiungo kitazamwe upya. Breki ziwe mbili zinazojitegemea, moja gurudumu la mbele na nyingine nyuma, na mojawapo iweze kufungwa chombo kikiwa kimesimama. Mtoto anapohama kutoka kwenye kiti kwenda kwenye dawati, chombo kikikimbia ataanguka. Mnyororo ufunikwe kwa bati au plastiki ili usinase nguo wala vidole. Bendera nyekundu ifungwe kwenye fimbo ndefu, kwani aliyeketi chini haonekani na dereva wa gari kubwa. Katika barabara kama ile ya Kilwa, au barabara yoyote ya magari mengi, mtoto asivuke peke yake hata kama chombo ni kizuri.

Matunzo yapangiwe zamu: upepo wa matairi kila Jumatatu, nati na spoki kila Ijumaa, grisi kila mwezi. Mtoto mwenyewe afundishwe kuziba pancha. Chombo ambacho mwenyewe hawezi kukitengeneza humrudisha mgongoni mwa wengine siku kinapoharibika.

Hitimisho

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isiwe kisiwa kilichojitenga na maisha ya watu wanaoizunguka. Shule nyingi zililitimiza hilo kwa jembe na shamba. Shule ya mjini isiyo na shamba inayo njia nyingine, nayo ni mlundiko wa vyuma ulio nyuma ya kibanda cha fundi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma sawa na wenzake. Lakini sheria haimfikishi mtoto kwenye kizingiti; na hata akifika, kuna sentimita nane zinazoweza kumzuia.

Kazi hii isichukuliwe kuwa badala ya wajibu wa serikali wa kuwapatia watoto hao vifaa vinavyostahili na majengo yanayoingilika. Mwalimu aliyepima mlango na kuuona mwembamba anao ushahidi wa kupeleka kwenye kamati ya shule. Safari nyingine ni rahisi zaidi kuupanua mlango kuliko kukikata chombo, na mchoro wa wanafunzi wenye vipimo kamili huwa barua isiyopingika.

Yule msichana, baada ya chombo kuundwa upya, aliingia darasani akiendesha mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Alipita katikati ya madawati, akafunga breki, akahamia kwenye nafasi yake, akafungua daftari. Kipindi kilikuwa cha hesabu, nasi tukaendelea.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Chagua shule moja uliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Pima milango ya madarasa na ya vyoo. Ni mtoto wa namna gani asiyeweza kuipita?

2. Andaa somo la dakika 40 la uwiano ukitumia baiskeli moja ya kawaida. Onyesha mahali ambapo wanafunzi watapima, watakapokisia, na watakaposahihisha makisio yao.

3. Mwanafunzi mwenye ulemavu hataki kutengenezewa chombo na wenzake. Jadili jinsi mwalimu atakavyoiheshimu kauli yake bila ya kumwacha nje ya masomo.